Harufu kwa Kiingereza: mwongozo kamili wa kuchagua neno linalofaa

Kiswahili kimetupa urahisi mmoja ambao Kiingereza hakina. Tukisema kitu kinanukia, msikilizaji anajua ni kizuri. Tukisema kinanuka, anaziba pua. Hukumu imo ndani ya kitenzi chenyewe. Kiingereza kina “smell” kwa yote mawili, na hukumu yake imejificha kwingine: kwenye nomino unayochagua, kwenye kivumishi, na wakati mwingine kwenye kukosekana kwa kivumishi. Hapo ndipo wanapokwama mtembeza wageni wa Unguja anayesifu karafuu, muuza udi anayeandika tangazo kwa wateja wa ng'ambo, mwonja kahawa wa Moshi na muuguzi anayejaza ripoti ya zamu. Wengi wao wanayajua maneno mengi. Tatizo ni kujua lipi lianze na lipi lisikaribie lipi.

Fuata utaratibu huu: nyoosha kitenzi, toa hukumu, pima ukali, taja aina, angalia unamwandikia nani, kisha jenga sentensi na uihakiki.

Hatua ya 1: Nyoosha kitenzi

Sisi husikia harufu. Mwingereza hasikii harufu, kwa sababu “hear” kwake ni kazi ya masikio tu. Ukisema “I hear a bad smell” utaeleweka, ila utachekwa. Sema “I can smell something bad”. Hiyo “can” si ya uwezo. Ndivyo Kiingereza kinavyoeleza harufu inayokujia yenyewe bila kuitafuta. “I am smelling” huachiwa mtu anayenusa kwa makusudi, aliyeinamia ua au sufuria. Gesi ikivuja jikoni, la kusema ni “I can smell gas”.

Kosa la pili limezoeleka sana kwenye Kiingereza cha Afrika Mashariki: “Your food is smelling nicely.” Humo mna makosa mawili. Kitenzi hiki kinapoeleza harufu ya kitu hakiingii kwenye umbo la “-ing”, na kinafuatwa na kivumishi, si kielezi. Kwa hiyo ni “Your food smells nice”, “The soap smells good”, “This milk smells bad”. Ukijikuta umeandika “well”, “nicely” au “badly” baada ya “smells”, futa.

La tatu ndilo linalovunja urafiki. “Smell” likiachwa peke yake huegemea ubaya. “The room smells” maana yake chumba kinanuka. “You smell” ni tusi, lakini “You smell lovely” ni sifa. Hata swali “What's that smell?” lina shutuma ndani yake; ukimuuliza hivyo mwenyeji aliyekupikia pilau, ataanza kukagua jiko lake. Uliza “What smells so good?” Na “smelly” ni baya siku zote, hata likiwekwa mbele ya waridi.

Halafu kuna vihusishi. “The kitchen smells of smoke” inasema moshi upo, au ulikuwepo muda si mrefu. “This tea smells like smoke” inasema hakuna moshi, kuna mfanano tu. Katika mazungumzo wenyewe huyachanganya, lakini kwenye maandishi mpaka huu unafaa kulindwa, hasa kama unaeleza bidhaa. Mteja akisoma kwamba sabuni yako “smells of coconut” ataamini ina nazi ndani.

Hatua ya 2: Toa hukumu, kisha chagua nomino

Kabla ya kugusa kamusi, jibu swali moja: inanuka au inanukia? Ukishajibu, nomino nyingi zinajiondoa zenyewe.

Kama inanukia, una tatu za kuanzia. “Aroma” ni ya jikoni: kahawa, mkate, viungo, nyama inayochomwa. “Fragrance” ni ya maua, sabuni na manukato. “Scent” imekaa katikati, nyepesi zaidi, na ina kazi ya pili: ndiyo harufu ambayo mbwa huifuata mawindoni. Basi pilau ina “aroma”, asumini lina “fragrance” au “scent”. “The fragrance of beef stew” inamfanya msomaji afikirie mchuzi uliopuliziwa marashi. “Perfume” mara nyingi ni kimiminika cha chupani, ingawa waandishi huitumia kwa maua pia.

Kama inanuka, ngazi inapanda hivi: “a bad smell” ni la kawaida na la adabu, “stink” ni la mazungumzo na lina hasira, “stench” ni la uvundo hasa, mzoga au shimo la choo lililofurika. Usimwage “stench” kwenye soksi za mtoto, maana siku ukikuta mzoga hutakuwa na neno la kupandia.

“Odour”, ambalo Wamarekani huliandika “odor”, ni neno la ofisini na maabara. Halina hisia, lakini nje ya maabara limeelekea ubaya: “body odour” ni kikwapa kikitajwa kwa heshima. Wauza manukato wengi wetu hulipenda kwa kuwa linasikika la kisomi. Msiliweke kwenye tangazo. “Our oud has a beautiful odour” ni sentensi inayojipinga yenyewe.

Na ukiwa hutaki kuhukumu, “smell” kama nomino inatosha kabisa: “the smell of rain”, “the smell of new books”. Watu hulikimbia wakidhani ni duni. Mimi naliona ndilo salama kuliko yote, mradi ulipe kivumishi au ulifuatishe na “of”.

Hatua ya 3: Lipasue neno “kali”

Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe. Kwa Kiswahili vitunguu vina harufu kali, siki ina harufu kali, plastiki inayoungua ina harufu kali, hata manukato ya jirani kwenye daladala ni makali. Kiingereza kimegawa “kali” hii vipande vipande, na kila kipande kina mahali pake.

“Strong” inapima wingi tu. Haisemi nzuri wala mbaya, na inakubali karibu kila kitu: kahawa, samaki, marashi. Ukiwa na shaka, chukua hii.

“Pungent” ni kali yenye ncha, inayoingia puani na kujulikana mara moja: kitunguu saumu, tangawizi mbichi, jibini lililokomaa, doriani. Si lazima iwe mbaya. Kwa doriani ndilo neno la haki kwa wote, maana anayelipenda na anayelikimbia wanakubaliana kuwa ni “pungent”.

“Sharp” ni ya asidi: siki, ndimu, maziwa yaliyoanza kuchacha.

“Acrid” inauma. Ni ya moshi wa takataka, tairi linaloungua, waya wa umeme ulioshika moto, kitu kinachokausha koo na kutoa machozi. Haisifu kamwe. Nimeiona kwenye maelezo ya vyakula, “acrid spices”, na kwa msomaji wa Kiingereza hayo ni malalamiko.

“Overpowering” ni kali iliyozidi kipimo. Kitu chenyewe chaweza kuwa kizuri. Manukato ya kwenye daladala yanaingia hapa. Ikiwa kizuri hicho ni kitamu mpaka kinakinaisha, una “cloying” au “sickly-sweet”: fenesi lililoiva kupita kiasi kwenye gari lililofungwa vioo. Ikiwa kinalevya kwa raha, ni “heady”, na hilo ni la asumini na mlangilangi usiku.

Kwa upande wa chini ya kipimo, “faint” ni hafifu bila hukumu: “a faint smell of gas”. “Delicate” na “subtle” pia ni hafifu, lakini ni sifa, kwa hiyo haziendi na gesi. “A whiff of” ni kile kinachopita mara moja na kutoweka.

Hatua ya 4: Taja aina

Kwa vitu vilivyoharibika, Kiingereza ni kichoyo: kila neno lina bidhaa zake na halikopeshi. “Rancid” ni ya mafuta na vyenye mafuta tu: samli, siagi, karanga, nazi iliyochacha. Nyama si “rancid” mpaka uwe unazungumzia mafuta yake. “Sour” ni ya maziwa na vinavyochachuka. Lakini mtindi mzuri usiuite hivyo mbele ya mgeni, uite “tangy”, kwa sababu “sour milk” kwake ni maziwa ya kumwaga. Waingereza wana pia “off” kwa chakula chochote kilichoanza kuharibika: “This fish smells off.” “Rotten” ni ya kuoza waziwazi, mayai na mboga. “Putrid” ni ya nyama au mwili unaooza. “Stale” ni ya kilichokaa: hewa ya chumba kilichofungwa, moshi wa sigara wa jana. “Foul” inafaa kwa karibu kila kichafu, hivyo ni kimbilio zuri.

Sanduku la nguo lililokaa masika nzima bila kufunguliwa ni “musty”, harufu ya ukungu na unyevunyevu. Jirani yake kwa sauti, “musky”, ni miski, harufu nzito ya kimnyama inayotafutwa kwenye manukato. Herufi moja inatenganisha sifa na tusi. Tangazo la marashi lenye “a rich musty scent” halitauza, na mwenye duka hataelewa kwa nini.

Kwa samaki: shombo au vumba ni “a fishy smell”. Samaki aliyetoka majini sasa hivi hana harufu hiyo. Inakuja baadaye bakteria wanapozalisha kemikali iitwayo trimethilamini. Kwa hiyo mwenye hoteli ya pwani anayetaka kusifu samaki wake aandike “smells of the sea”, na “fishy” aiache kabisa. Isitoshe, “fishy” katika mazungumzo humaanisha jambo lenye mashaka.

Kwa moto: kuni ni “woodsmoke”, nyama choma ni “smoky” na “charred”, ukoko wa wali uliopatia ni “toasty”, na ukipitiliza unakuwa “burnt”. Kitu kikiwa bado jikoni kinaungua, ni “I can smell something burning”. Kikishaungua, “a burnt smell”.

Kwa ardhi: udongo, uyoga na viazi ni “earthy”. Harufu ya mvua ya kwanza juu ya ardhi kavu ina jina lake maalumu, “petrichor”, lililobuniwa mwaka 1964 na wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas. Sehemu yake hutokana na jiosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Neno zuri, lakini Waingereza wengi hawalijui, na wanaolijua wengine wamelichoka. “The smell of rain on dry earth” linafanya kazi ileile bila kujionyesha.

Usiogope pale unapokosa kivumishi. Kiingereza chenyewe ni maskini hapa. Mwaka 2014 watafiti Asifa Majid na Niclas Burenhult walichapisha utafiti uliolinganisha wasemaji wa Kiingereza na Wajahai wa Rasi ya Malay. Wajahai walitaja harufu kwa wepesi kama wanavyotaja rangi, kwa maneno maalumu ya harufu. Wasemaji wa Kiingereza walijiumauma, wakatoa majibu marefu yasiyofanana, mengi yakitaja tu kitu ambacho harufu hutoka kwacho. Kwa hiyo njia ya kutaja chanzo, “it smells like wet dog”, “like crushed tomato leaves”, si ya mwanafunzi aliyeishiwa. Ndiyo njia ya wenyewe.

Ila chagua chanzo ambacho msomaji wako amewahi kukinusa. “Smells like kilua” haimsaidii mtu wa Manchester.

Viungo, maua na udi

Kwa wanaouza au kutembeza wageni mashambani, hapa pana fedha, kwa hiyo tukae kidogo.

Karafuu ni “warm, sweet and spicy”, na ukitaka ukweli zaidi ongeza “slightly medicinal”. Sababu ni yujinoli, mafuta yaliyomo ndani yake, ambayo madaktari wa meno wameyatumia kwa muda mrefu. Mgeni kutoka Ulaya akinusa karafuu za Pemba zilizoanikwa juu ya majamvi hukumbuka mambo mawili: vinywaji na vyakula vya Krismasi, au kiti cha daktari wa meno. Mtembezaji mjanja huchagua kumkumbusha Krismasi.

Mdalasini ni “warm, sweet, woody”. Iliki ni “fresh” na “slightly minty”, yenye ubaridi wa mkaratusi ndani yake, kwa hiyo usiiweke kapu moja na mdalasini kwa kuziita zote “spicy”. Kungumanga ni “warm” na “nutty”. Mchaichai ni “lemony” na “grassy”. Neno “spicy” lenyewe lina mtego: kwenye chakula mgeni hulielewa kuwa ni pilipili. Ukisema “The rice smells spicy”, anayeogopa pilipili hataonja. “Fragrant with spices” inamtoa wasiwasi.

Maua hayapaswi kuishia kwenye “floral”, ambalo ni sawa na kusema ua linanukia ua. Asumini ni “heady” na “sweet”. Mlangilangi, ambao mafuta yake Wakomoro huyasafirisha kwa viwanda vya manukato, ni “rich”, “creamy”, wenye kitu cha ndizi mbivu. Waridi ni “soft” au “powdery” likiwa limekauka.

Udi unaleta utata kwanza wa jina. Vipande vya mti wenyewe viite “agarwood” au “oud”. Vijiti vya kuchoma ni “incense sticks”. Ubani ni “frankincense”. Na “incense” ni jina la jumla la chochote kinachofukizwa. Ukiandika “incense” kwenye tangazo la vipande vya udi halisi, mteja atatarajia vijiti vya bei nafuu. Kwa harufu yake tumia “deep”, “woody”, “smoky”, na kama una ngozi ngozi, “leathery”. Ubani ni “resinous”, neno la utomvu, na ule mzuri una “a lemony note”. Hiyo “note” ni ya wauza manukato: “top note” ndiyo inayotangulia na kuyeyuka haraka, “heart note” hufuata, “base note” ndiyo inayobaki kwenye nguo. Udi na miski hukaa kwenye “base”.

Hatua ya 5: Angalia unamwandikia nani

Kahawa ina sheria zake. Katika uonjaji rasmi unaofuata taratibu za Specialty Coffee Association, chama cha kimataifa cha kahawa bora, “fragrance” ni harufu ya kahawa iliyosagwa ikiwa kavu, na “aroma” ni harufu baada ya kumiminiwa maji ya moto. Nilichosema kwenye hatua ya pili kinawekwa kando ukiingia kwenye chumba hicho. Gurudumu la ladha la kahawa, yaani mchoro wa duara unaopanga maneno ya ladha na harufu, lililotoka mwaka 1995 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2016, ndilo kamusi ya wanunuzi. Ukisema “jasmine” au “blackcurrant” wanajua uko wapi. Na kwa kahawa ya Rwanda na Burundi kuna kasoro inayojulikana duniani kwa jina “potato taste”, harufu ya kiazi kibichi. Hapo “earthy” haitoshi. Litaje kwa jina lake.

Hospitalini, maneno ya hisia yanaachwa mlangoni. “Stinking wound” haiandikwi. Andika “foul-smelling” au “malodorous”. Hospitali za Uingereza hutumia pia “offensive” kwa usaha au uchafu unaonuka, na kwao si tusi kwa mgonjwa. Pumzi ya mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa kwa asidi mwilini huelezwa kuwa “fruity” au “like acetone”, yaani dawa ya kufutia rangi ya kucha. Neno hilo moja kwenye ripoti laweza kuharakisha kipimo, kwa hiyo usilibadilishe na “sweet” kwa kudhani ni yaleyale.

Mafuta ya taa ni “paraffin” kwa Mwingereza na “kerosene” kwa Mmarekani. Ukimwandikia Mwingereza malalamiko kuhusu chumba, “smells of paraffin”. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Huongezewa kemikali ya salfa ili uvujaji ujulikane, na maonyo ya usalama huielezea kuwa “like rotten eggs”.

Hatua ya 6: Jenga sentensi, kisha ihakiki

Panga hivi: ukali, aina, nomino, chanzo. “A faint, musty smell of old clothes.” “The warm, sweet aroma of cinnamon.” Vivumishi viwili vinatosha, cha tatu kiwe na sababu. Kisha ipe harufu mwendo: ya kupendeza inayoelea hewani “wafts” au “drifts”, iliyojaa chumba “fills”, inayong'ang'ania “lingers”, mbaya inayokupiga ghafla “hits you”. Uvundo hauna adabu ya “waft”; ukiutumia hivyo msomaji atadhani unatania.

Tuchukue tangazo la nyumba ya wageni lenye sentensi hii: “The house is smelling very nice odour of flowers and the spicy smell of ocean.” Kitenzi kinakwenda kwenye “smells” au kinabadilishwa kabisa. “Odour” inaondoka. “Very nice” haisemi kitu. Bahari si “spicy”. Ni “salty” au “briny”. Inabaki: “In the evening the heady scent of jasmine drifts through the house, and the air smells of salt.”

Mwisho, chukua kivumishi ulichochagua na ukitafute mtandaoni ndani ya alama za kunukuu pamoja na nomino yake, kama “rancid butter” halafu “rancid meat”, uone ni vitu gani wenyewe hukiambatanisha nacho. Hifadhi kubwa za maandishi kama British National Corpus, yenye maneno milioni 100, zinakupa mifano hiyo kwa mpangilio, na kamusi za maneno yanayoambatana hufanya kazi hiyohiyo. Usiangalie maana tu kwenye kamusi ya Kiingereza na Kiswahili: humo “pungent”, “acrid” na “sharp” zote zinaweza kukujibu “kali”, na utakuwa umerudi hatua ya tatu.